Hilo vumbi la kioo unampulizia nani?

Hebu niambie kama hii hujaiona. Simu yako imeanguka, kioo cha nyuma kimepasuka kama utando wa buibui. Unashuka matatu pale mjini, unaenda moja kwa moja kwa yule fundi wako wa kibanda. Anaishika, anaigeuza, anataja bei. Mnavutana kidogo, mnaelewana. Dakika chache baadaye anainua simu hadi karibu na mdomo na kupuliza. Fuuu! Vipande vidogo vya kioo vinaruka, vinameta kwenye jua la saa saba, halafu vinapotea.

Vinapotea kwenda wapi? Hilo ndilo swali langu leo.

Nauliza kwa sababu mimi nilikuwa huyo fundi. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikuwa imenishinda, na kusema kweli hata darasa lenyewe nilikuwa nimechoka nalo. Beste yangu mmoja alikuwa na nusu kaunta kwenye jengo la simu hapa Nakuru. Akaniambia, "Wewe kuja tu, utajifunza kwa macho." Nikajifunza kwa macho kweli, maana wiki ya tatu kipande kiliniingia jicho la kulia. Daktari alipokitoa alinionyesha: kidogo kuliko punje ya chumvi. Punje hiyo ilinikalisha nyumbani siku nne bila shilingi.

Lakini jicho si kitu. Kinachoniuma hadi leo ni kingine.

Kila jioni nilikuwa nafagia kaunta na kumwaga kila kitu kwenye katoni moja: vioo, gundi, skrubu, maganda ya ndizi, karatasi za chipsi. Asubuhi moja yule mama anayetukusanyia taka alikuja na gunia lake. Katoni ilikuwa imejaa, akaishindilia kwa mkono ili iingie. Mkono ulirudi na damu. Hakupiga kelele. Alijifunga kitambaa, akanitazama na kuuliza, "Kijana wangu, kwani hukujua kuna kioo humo?"

Nilijua. Nilijua vizuri sana. Sema tu sikuwa nimewahi kufikiria kuwa baada ya mimi kuna mtu mwingine.

Kwa hivyo wacha niseme ninachoamini, kisha tubishane. Mabaki ya kioo ni sehemu ya kazi yenyewe. Fundi anayelipwa kukata ama kubandua kioo amelipwa pia kukusanya vipande, vumbi na moshi wake. Na wewe mteja unayelipa, lazima ukubali kwamba hiyo nayo ina bei. Kazi haijaisha simu ikiwaka. Kazi imeisha mabaki yakiwa ndani ya mkebe wenye kifuniko.

Mbona nalileta jambo hili sasa? Juu mchezo umebadilika. Zamani kubandua kioo cha nyuma cha simu ilikuwa ni bloa ya joto, wembe na subira. Siku hizi kuna mashine za leza. Unaweka simu chini ya mashine, unachagua aina yake kwenye kompyuta, mwanga unapita mstari kwa mstari, na kioo kinaachia. Inapendeza kuangalia. Wateja hata huchukua video.

Sasa, watu wengi hudhani ile leza inayeyusha kioo kikaisha. Hapana. Leza ya kazi hii hupita kwenye kioo kama jua linavyopita dirishani, inaenda kuchoma rangi na gundi iliyo chini yake. Kioo chenyewe kinabaki, ila hakishikwi tena na kitu. Hapo fundi anaingia na wembe kukibandua, nacho kinavunjika vipande vyembamba vyembamba kama maganda ya kitunguu. Kwa hivyo mashine haijaondoa taka. Imeongeza ya pili: moshi wa gundi na rangi iliyoungua. Ile harufu ya plastiki inayokukaba koo ukipita karibu na hizo kaunta ndiyo hiyo.

Kuna na wale wa kuchora majina kwenye tuzo, vioo vya kujitazamia na bilauri za harusi. Wao hutumia leza ya aina nyingine, ambayo joto lake hupasua uso wa kioo vipande vidogo mno. Ule weupe unaousoma kama jina la bibi harusi ni maelfu ya nyufa. Na kila ufa umetema chembe. Ukitazama meza baada ya kazi utaona unga mweupe kama sukari laini. Tafadhali usipitishe kidole.

Sasa ongeza hili: kioo kinazidi kuwa chembamba. Mwaka wa 2012 kampuni ya Corning ya Marekani ilionyesha dunia kioo chenye unene wa takriban milimita 0.1, kinachopindika na kuviringishwa kama karatasi ya kufungia nyama. Mwaka wa 2020 Samsung ikaleta simu ya kukunja ya Galaxy Z Flip, ambayo kioo chake cha ndani kina unene wa kama milimita 0.03. Huo ni wembamba kushinda unywele wako. Simu za namna hiyo tayari utaziona mikononi mwa watu hapa mjini, na zikiharibika, kuna kijana atakayeambiwa azifungue.

Kipande cha kioo kizito huanguka chini, unakiona, unakiokota. Kipande chembamba ni chepesi. Feni ya jirani inakibeba. Kinakaa kwenye nyuzi za sweta. Kinaingia kwenye ngozi ya kidole na hukisikii hadi usiku unapokamua ndimu.

Hao wanaokata vioo hivi viwandani hufanyaje? Nimekuwa nikisoma na kutazama video za kazi hiyo usiku badala ya mpira, na hapa ndipo nilipopata akili. Kwanza, wanajaribu kukata bila kutoa mabaki. Leza inapasha mstari joto, kisha hewa ama ukungu wa maji baridi unafuata nyuma yake, na kioo kinapasuka kikifuata mstari huo huo. Unga ni kidogo sana. Pili, pale ambapo leza lazima ichimbe kioo, wanaweka mdomo wa mashine ya kunyonya karibu kabisa na sehemu inayokatwa, na hewa inapulizwa upande mmoja tu, kuelekea kwenye huo mdomo. Tatu, wanafunika uso wa kioo kwa utando wa plastiki, ili chembe zikianguka ziangukie utando, ubanduliwe na kutupwa.

Unadhani wanafanya hivyo kwa huruma? Labda kidogo. Ila sababu kubwa ni pesa. Chembe moja ikibaki kati ya kioo chembamba na meza, inakwaruza. Mkwaruzo unakuwa ufa. Ufa unatembea, na kioo chote kinaharibika. Kwao taka ni hasara kabla haijawa uchafu.

Na hapa kwetu ni vivyo hivyo, ila hatujakaa chini tukapiga hesabu. Fundi, ile simu iliyorudi baada ya siku tatu kwa sababu kioo kipya kimeinuka pembeni, ulikagua chini yake? Mara ngapi umekuta chembe ya kioo cha zamani imekaa kwenye fremu kama jiwe kwenye kiatu? Ile kamera iliyopata doa? Ile protekta yenye mapovu? Kazi ya kurudia hulipwi. Unapopuliza, unadhani unaondoa vumbi, kumbe unalihamisha tu: nusu kwenye mapafu yako, nusu kwenye simu ya mteja anayefuata.

Kuhusu mapafu, sitakutisha bure. Kuna watu husema vumbi la kioo ni sawa na vumbi la machimbo ya mawe. Si sawa. Vumbi la mawe ya kuchonga huwa na silika ya fuwele, ile inayoleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi. Kioo nacho hutokana na mchanga, lakini kikishayeyushwa silika yake haibaki kuwa ya fuwele. Hiyo haimaanishi ni unga wa ugali. Unakwaruza macho, unawasha pua na koo, na mwenye pumu atakwambia mwenyewe. Changanya na moshi wa gundi, kaunta sita kwenye chumba kisicho na dirisha, saa kumi kwa siku, miaka mitano. Ni mtu gani atasema hiyo ni hewa?

Sisi watu wa Nakuru tunajidai tumezoea vumbi. Hata jina la mji, wengi huambiwa linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Basi mtu akikohoa tunacheka, "Karibu Naks." Lakini vumbi la barabarani mvua ikinyesha linakuwa tope. Kioo hakiwi tope. Kioo hakiozi.

Kama huniamini, siku moja panda hadi Hyrax Hill, hapo tu kando ya barabara ya kwenda Nairobi. Mary Leakey alichimba huko kuanzia mwaka wa 1937, na kati ya vitu vilivyopatikana ni zana za obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano. Watu wa bonde hili walikuwa wakikitoa sehemu za Naivasha na mlima Eburru, wakikipasua kupata visu na vyembe. Ukienda Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna mashoka ya obsidiani ya kale zaidi, ya mamia ya maelfu ya miaka. Kwa maneno mengine, kukata kioo chembamba si kazi iliyokuja na meli kutoka China. Ni kazi ya hapa. Na mabaki ya wale mafundi wa kale, vile vipande walivyoangusha wakichonga, bado vipo ardhini. Vingine bado vina makali.

Tofauti ni kwamba wao walikuwa wachache na porini kulikuwa kukubwa. Sisi tumejaa mjini, na taka zetu zina njia moja. Zinatoka kaunta, zinaingia kwenye gunia, zinapanda lori, zinaishia jaa la Gioto, upande wa London. Pale juu kuna watu wanaochambua taka kwa mikono ili wapate chuma, plastiki na chochote cha kuuza. Kuna wanaofika na watoto. Kile kipande ulichokifunga kwenye karatasi ya chipsi, kuna mkono utakaofungua hiyo karatasi ukitafuta kilichobaki. Fikiria hilo kabla hujaniambia ati mimi nafanya mambo makubwa.

Najua utakachoniambia. Nimeshaambiwa. "Wewe blogu zako hazilipi kodi ya kaunta. Hapa mteja anakimbia kwa sababu ya shilingi hamsini, unataka ninunue mashine ya kunyonya?" Sawa. Nimekusikia, na sikudharau. Nimelala njaa kwenye kazi hiyo hiyo. Hebu basi tupige hesabu ya mtaani. Ongeza mbao moja, shilingi 20, kwa kila simu unayofungua. Mwambie mteja wazi kuwa ni ya taka. Ukifungua simu tano kwa siku, hiyo ni soo moja. Siku sita, mia sita. Mwezi mmoja tayari una barakoa nzuri, miwani ya kinga, mkebe, na umeanza kuweka ya chujio. Mkiwa mafundi wanne kwenye chumba kimoja, mnachanga mashine moja ya kunyonya moshi.

Na mengi hayahitaji hata hiyo pesa. Kabla ya kubandua kioo kilichopasuka, kifunike chote kwa seloteipu pana. Vipande vitatoka vikiwa vimeshikana, na hivyo ndivyo wale wa viwandani wanavyofanya na utando wao. Usipulize kwa mdomo. Pangusa meza kwa tishu iliyolowa, kisha ikunje ndani na uitupe pamoja na kioo. Usifagie kikavu. Anayechora bilauri kwa leza aweke karatasi iliyolowa juu ya sehemu anayochora; inapunguza joto na kushika unga. Nawa mikono kabla ya kushika ile chapati. Na shati la kazi liache kazini, usiende kumbeba mtoto nalo.

Kwa wenye mashine za leza nina mawili zaidi. Ule mpira wa kutoa moshi usielekezwe kwa kaunta ya jirani. Lazima upite kwenye chujio, na chujio likijaa libadilishwe. Hata mashine ya kawaida ya kusafisha zulia haitoshi, kwa sababu unga laini zaidi hutokea nyuma yake na kurudi hewani. La pili, miwani ya jua si miwani ya leza. Miwani ya leza hutengenezwa kulingana na aina ya mwanga wa mashine yako. Macho hayana vipuri River Road.

Halafu mkebe. Chukua ndoo ya rangi yenye kifuniko, andika KIOO kwa maka kubwa. Si katoni, si gunia, si mfuko. Usichanganye na chupa za soda ukidhani zitayeyushwa pamoja, kwa sababu kioo cha simu kimetengenezwa tofauti na huyeyuka kwa joto tofauti. Na kikiwa bado kimeshikana na skrini ama nyaya, hiyo ni taka ya kielektroniki. Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za aina hiyo. Ndoo moja haifai nauli ya kwenda Nairobi, najua. Ndoo hamsini zinafaa.

Hapo ndipo kaunti inapoingia. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, tukapiga picha, tukasherehekea. Jiji ni pamoja na mambo madogo ya kuchosha kama haya. Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe, na inawabebesha watengenezaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao hata zikishakuwa taka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haikusema kibanda si mahali pa kazi. Maneno yapo. Kinachokosekana ni sanduku moja la chuma karibu na majengo ya simu, lenye kufuli, linalobebwa mara moja kwa mwezi. Vijana wanaotafuta kazi ya kulibeba wapo wengi, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini tusikae tukingoja sanduku ndipo tuanze. Ndoo ya rangi haihitaji kupitishwa na bunge la kaunti.

Nawe mteja usijifanye haikuhusu. Simu ni yako, na kioo kilichopasuka ni chako. Ukibishana hadi fundi akatoa bei isiyomwachia hata ya barakoa, umenunua hiyo bei kwa koo lake na kwa mkono wa mama wa taka. Chagua fundi mwenye ndoo. Muulize kioo cha zamani kinaenda wapi. Akikwambia ni mbao ya taka, toa bila kununa.

Yule mama bado hukusanya taka pale. Nilipoacha kazi ya simu nilimwachia glavu ngumu, akacheka akasema nimechelewa mwaka mzima. Ni kweli, nilichelewa. Beste yangu naye sasa ana ndoo, na kila mwisho wa wiki anamkabidhi mkononi, akimwambia, "Mama, hii ni kioo tupu." Neno moja tu, lakini mkono wake haujaguswa tena.

Kwa hivyo wikendi hii ukienda kutengeneza simu, fundi akiinua mkono kuipeleka mdomoni, mshike kidogo. Mwambie, "Ngoja, boss. Una tishu?"